Seti ya lenzi na tochi ya UV ya kupigia picha wadudu: nimeitumia Mbeya kwa nondo manyoya, lenzi ndiyo, tochi hapana

Wakuu habari za saa hizi. Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa juu: lenzi nunua, wavu sio mbaya, tochi waachie wenyewe, na kile kikaratasi kinachosema seti inakutambulishia mdudu yeyote ndani ya sekunde chache washia mkaa. Mwenye muda asogee, maana nina mengi na sio yote ya kuponda.

Seti yenyewe ni zile zinazouzwa sana mtandaoni zikiwa na picha ya watoto wamevaa kofia za porini. Ndani kuna lenzi mbili za kubana kwenye simu (moja ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, imeandikwa 15x, nyingine ya kupanua picha ambayo sina kazi nayo), tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno), kiwavu cha kukunja, vichupa vya plastiki na hicho kikaratasi. Nilimlipa jamaa mmoja wa Kariakoo 45,000 kwa simu, nauli ya mzigo juu yangu, basi likaushusha Mbeya ukiwa mzima. Kwenye kutuma jamaa yuko vizuri sana, picha ya risiti ya basi na namba ya konda alituma bila kuombwa. Kwenye kujibu maswali akishakula hela ni habari nyingine, ntafika huko.

Mi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, kwa hiyo kamera na vioo ndo vinanilisha, wadudu ni ugonjwa tu wa jioni. Na ugonjwa wenyewe umeng'ang'ania kundi moja, hawa ninaowaita nondo manyoya, kitaalamu familia yao inaitwa Pterophoridae. Umeshawaona we, hukujua tu. Ni yule mdudu mwembamba anayetua ukutani karibu na taa ya nje amenyoosha mabawa pembeni kabisa, mwili chini, yaani herufi T imebandikwa kwenye chokaa, miguu mirefu ina miiba miiba. Watu wengi wanampiga kandambili wakijua ni mbu. Bibi yangu wa Kiwira mpaka leo akiniona na wavu anasema "mjukuu wangu, wenzio wanatafuta mke, we unakimbiza mbu", na sina cha kumjibu kwa kweli.

Sio mbu. Ni jamaa wa vipepeo, ila mabawa yao yamechanika. Bawa la mbele kwa kawaida limegawanyika vipande viwili, la nyuma vitatu, na kila kipande kina nywele ndefu pembeni, ndo maana likifunguka linaonekana unyoya mtupu. Akipumzika analikunja lile la nyuma chini ya la mbele unabaki unaona kijiti. Duniani spishi zao zimeshapita 1,000 na bado zinaongezeka, kuna hata kundi la Agdistis ambalo mabawa hayajagawanyika kabisa, hao ndo wa kukuvuruga akili. Wakubwa wao upana wa mabawa yakifunguliwa ni kama sentimita tatu, wadogo ni sentimita moja tu, sasa hapo ndo unaelewa kwa nini lenzi ya simu ni suala la kufa na kupona kwenye hii shughuli.

Tuanze na lenzi basi. Kioo chake ni kioo kweli, sio plastiki, hilo nimelipima dukani kwa kucha na kwa mwanga, na kwa bei ile nilitegemea plastiki. Katikati ya picha ni safi kuliko nilivyofikiria, pembeni inafifia na kuwa na rangi rangi za zambarau, lakini nondo huwa unamweka katikati kwa hiyo sio kesi. Umbali wa kufanyia kazi ni kama sentimita mbili au tatu kutoka kwa mdudu, chini ya hapo haifokasi, juu ya hapo haifokasi, na hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wanasema lenzi feki. Sio feki, ndo makro ilivyo. Usihangaike na kugusa kioo cha simu ili ifokasi, funga fokasi mara moja alafu sogea wewe na mwili wako taratibu mbele nyuma huku unapiga picha nyingi mfululizo, katika hizo moja itakaa. Egemeza mkono ukutani.

Kitu kinachosumbua zaidi ni simu zenyewe hizi za siku hizi zenye kamera tatu nne mgongoni. Unabana lenzi juu ya kamera kuu, simu ikigundua kitu kiko karibu inajihamishia kwenye kamera nyingine yenyewe bila kukuuliza, unabaki unaona giza nusu na ukingo wa klipu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime ile ya kujibadili lenzi, na kama simu yako haina hiyo sehemu basi piga kwa kukuza mara mbili, nyingi zikifika hapo zinabaki kwenye kamera kuu. Vua na kava. Klipu ya hii seti ni fupi, ikipanda juu ya kava nene lenzi inakaa upande na picha yote inakuwa na ukungu upande mmoja. Ile sponji ya ndani ya klipu nayo imebandikwa kwa gundi ya hovyo, yangu ilibanduka nikairudishia kwa gundi ya vioo vya simu, imetulia. Asiye fundi ataipoteza.

Kwa lenzi hiyo kwenye nondo aliyetulia ukutani unapata mistari ya mabawa, unapata pale bawa la mbele lilipoanza kugawanyika ni katikati au ni karibu na ncha, unapata miiba ya miguu na rangi za pete zake, na ukibahatika ukampata amefungua bawa la nyuma unaona kama kile kipande cha tatu kina kishungi cha magamba meusi kwenye nywele au hakina. Hiki kishungi ni dhahabu. Kipo au hakipo, kipo katikati au kipo mwishoni, ndo kinakuamulia jenasi mara nyingi, yaani kundi la spishi za karibu, lile jina la kwanza la kisayansi. Alama tisa kwa kumi naipa lenzi, moja nimekata kwa sababu ya sponji.

Tochi sasa. Aisee.

Tochi imeandikwa UV, ukiiwasha inatoa zambarau kali inapendeza, noti ya elfu kumi inang'aa alama zake vizuri tu, wauza duka wataifurahia. Lakini nondo hawana habari nayo. Sababu iko kwenye namba ndogo iliyoandikwa shingoni mwa tochi, 395, yaani nanomita 395, huo ni mwanga ulio mpakani kabisa na tunaouona sisi. Taa wanazotumia wanaokamata nondo kwa kazi zinalenga chini ya hapo, karibu na 365 hadi 370, huko ndo macho ya hawa wadudu yanaitika zaidi. Alafu tochi inamulika doa moja dogo mbele, wakati taa ya nondo inatakiwa imwage mwanga pande zote juu ya shuka jeupe ili mdudu anayepita aingie kwenye uwanja. Nilitundika shuka uani na tochi yao, nikapata inzi wachache na mende mmoja mwenye mabawa. Jioni nyingine yenye hali ile ile nikatundika tyubu ya mashine ya kuua nzi, zile za buchani na hotelini, shuka lilijaa. Zile tyubu nyingi ziko kwenye hiyo 365 hadi 370 na kwa mafundi wa friji unazipata kwa bei ya kawaida, ila tafadhali usichukue mashine nzima na nyaya zake za kuunguza, ile voltiji sio ya kuchezea, chukua tyubu na balasti yake tu umpe fundi umeme akufungie. Na mtu yeyote asiitazame tyubu wala tochi machoni, mwambie na mtoto.

Niseme kitu cha haki hapa, kwa sababu mtu anaweza kuwa alinunua tochi akaitumia mwezi wa sita mwezi wa saba akalaumu tochi peke yake. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai usiku we unaijua, hata ungewasha taa za uwanja wa Sokoine nondo hawatoki. Subiri mvua za kwanza za Novemba, Desemba, usiku wa joto joto wenye mawingu na usio na mwezi, hewa imetulia. Kiwira na Tukuyu huko chini kidogo wanapatikana muda mrefu zaidi wa mwaka ila mvua itakulowesha shuka na vyote. Na kwa nondo manyoya, kusema ukweli, taa sio njia kuu. Njia kuu ni kutembea jioni jua likizama, saa kumi na mbili na nusu hivi kuelekea saa moja, unapitisha wavu juu ya majani au unayatikisa kwa fimbo, wanaruka kivivu mita mbili tatu alafu wanatua tena. Hapo ndo kiwavu cha seti kinaingia. Kitambaa laini, hakiumizi mabawa, fremu inakunjika mfukoni. Mpini mfupi mno, niliufunga kwenye fimbo ya mianzi. Kwenye upepo kinageuka ndani nje. Kinatosha.

Njia ya tatu na kwangu ndo tamu kuliko zote ni kutafuta kiwavi kwenye mmea wake. Uzio wa bibi una fiwi zimetambaa na pembeni kuna mung'unye, na ndo ulionitia kwenye haya mambo. Kwenye maua ya fiwi kuna viwavi vidogo vya kijani vina nywele, vinakula maua na vitumba alafu vinatoboa maganda machanga. Bupu wake (ile hatua kati ya kiwavi na nondo) anajining'iniza wazi kwenye ganda au jani, hajifungi ndani ya kifuko cha uzi. Ukimchukua kiwavi na kipande cha shina na ua ukamweka kwenye kichupa (vichupa vya seti havina tundu la hewa, funika kitambaa cha chandarua badala ya kifuniko) haichukui muda mrefu unapata nondo mpya kabisa, mabawa safi hayajakwaruzika, na zaidi ya yote unajua kwa hakika alikula nini. Nondo wa ukutani hakwambii alikula nini.

Haya, yule wa fiwi ni nani? Hapa ndo kikaratasi cha seti kinapodanganya watu. Kinasema piga picha, pakia kwenye programu, jina litakuja. Jina huwa linakuja kweli, tatizo ni kama ndilo. Wa kwenye fiwi kwa alama zote za nje ni Sphenarches, jenasi hiyo sina wasiwasi nayo, mabawa ya kahawia yenye njano, kishungi cheusi kipo. Lakini ndani ya Sphenarches kuna wawili wanaogombaniwa, kuna Sphenarches anisodactylus aliyeelezwa na Francis Walker mwaka 1864 kutoka Sri Lanka, na kuna Sphenarches caffer wa kwetu Afrika, na hawa wawili miaka mingi wataalamu wenyewe waliwahesabu kitu kimoja. Kwa hiyo rekodi nyingi za zamani, za visiwani na za bara, zimechanganyika. Wote wawili wanatajwa kwenye fiwi na kwenye jamii ya maboga. Kwa picha ya lenzi ya 15x, hata ingekuwa lenzi ya milioni mbili, huwatenganishi. Wanatenganishwa kwa kuangalia viungo vya uzazi.

Najua inasikika vibaya lakini ndivyo ilivyo kwa nondo wadogo karibu wote. Kuna dada mmoja anasomea wadudu chuo, alileta simu kubadilisha kioo, akaona picha zangu nimebandika ukutani, ndo akanielekeza. Unachukua nondo aliyekufa, unakata tumbo lote, unalitumbukiza kwenye potashi ya kemia (potasiamu haidroksaidi, asilimia 10 hivi) ikiwa imepashwa moto taratibu, nyama zote zinayeyuka zinabaki sehemu ngumu tu, unasafisha kwa brashi ndogo kwenye maji, unaangalia kwenye maikroskopu. Dume ana vibanio viwili nyuma na kwa nondo manyoya wengi kibanio cha kulia na cha kushoto havifanani, na maumbo ya hivyo vibanio ndo kitambulisho chake. Potashi inaunguza ngozi na macho, vaa glavu na miwani, sio kitu cha kufanyia jikoni. Mi maikroskopu ninayo ya kazi, ile ya kutazamia bodi za simu, inakuza mara 7 mpaka 45, na kibano changu cha kunyanyulia IC kimepata kazi ya pili. Nikwambie tu kuunganisha nyaya za kioo ni rahisi kuliko kugeuza tumbo la nondo wa milimita sita bila kulipasua. Kwa ukuzaji wa 45 unaona umbo la jumla, kwa uhakika zaidi inatakiwa maikroskopu ya maabara. Njia nyingine ni DNA, wanasoma kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 wanalinganisha na vilivyoko kwenye hifadhi, lakini hiyo hatuiongelei kwenye seti ya 45,000.

Kwa hiyo programu zina maana gani? Zina maana kubwa ukijua zinavyofanya kazi. Mi natumia iNaturalist, ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha Berkeley kule Marekani, ni bure, na picha unaweza kupiga bila bando ukapakia ukifika kwenye mtandao. Mashine yake inapendekeza jina kwa kulinganisha na picha ilizofundishwa, na spishi ambayo haina picha za kutosha kwenye mfumo haimo kwenye mafundisho, sasa piga hesabu nondo manyoya wa nyanda za juu kusini wana picha ngapi humo. Mashine haiwezi kukutajia mtu ambaye haijawahi kumwona, itakutajia anayefanana naye aliyepigwa picha sana Ulaya au Asia. Ndo maana wameweka ngazi: ukipakia unaruhusiwa kuishia jenasi, au hata familia, na watu wengine wanaopitia wanaongezea. Rekodi inapanda daraja la utafiti ikiwa na picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wamekubaliana kwenye spishi. Zikifika hapo, zenye leseni huria zinaenda GBIF, ile hifadhi ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe yenye ofisi Copenhagen, na mtafiti yeyote duniani anaweza kuikuta fiwi ya bibi yangu. Ficha mahali kamili kama ni nyumbani kwako, sehemu ya kuficha ipo.

Wa kwangu nimewaacha Sphenarches, nukta. Kuna watu wananiambia weka tu anisodactylus ipande daraja. Siweki. Jenasi sahihi yenye jina la mmea, tarehe na mwinuko ina kazi, jina la kubahatisha linaingia kwenye ramani na kulitoa huko ni shughuli, ndo kama hiyo ya caffer niliyosema hapo juu.

Sasa twende visiwani kidogo, maana seti ya pili nilimnunulia shemeji yangu aliyeko Kilindoni, Mafia, na majaribio yake yamenisaidia kupima vifaa kwenye hali tofauti. Kule usiku ni joto, hata ile tochi mbovu ilimletea nondo wawili watatu, lakini taa ya kawaida ya barazani ilimletea zaidi kwa hiyo hukumu yangu haibadiliki. Chumvi ya bahari imeanza kula skrubu ya klipu, aipake mafuta. Alichonitumia kilinifurahisha, nondo manyoya mdogo mwenye miguu ya madoa meupe, kamkuta kwenye Boerhavia, lile jani linalotambaa mchangani lenye vijimbegu vya kunata vinavyoganda kwenye suruali. Hapo nikachangamka kwa sababu kuna mmoja maarufu sana wa visiwa vya joto, Megalorhipida leucodactyla, alipewa jina na Fabricius mwaka 1794, ameenea karibu tropiki nzima mpaka Hawaii na Galápagos, na Boerhavia ni mmea wake kabisa. Nikamwambia shemeji aandike Megalorhipida alafu aweke alama ya kuuliza, amtunze kwenye friza, na atafute viwavi kwenye mmea huo huo. Akanijibu "shem, kwenye friza ya samaki?" Ndiyo, ndani ya kichupa, samaki hawatamla.

Visiwani hii kazi ina utamu wake. Spishi ni chache kuliko bara kwa hiyo orodha ya watuhumiwa ni fupi, unaweza kufika mbali kwa alama za nje tu. Lakini pia kila mara lazima ujiulize huyu ni mwenyeji au kaja na shehena, kaja na upepo, au kaletwa. Kuna aliyeletwa kabisa kwa makusudi: Lantanophaga pusillidactyla, naye ni nondo manyoya, mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa wadudu ambao Albert Koebele aliwatuma Hawaii kutoka Mexico waende kupambana na lantana iliyokuwa imefunika malisho. Kiwavi wake anatafuna maua na kuchimba kitako cha kichwa cha maua. Lantana haikwisha, nondo akabaki, na leo anajulikana sehemu nyingi za joto ikiwemo Afrika. Na lantana hapa kwetu si ndo hii uzio wa kila nyumba ya zamani, maua ya pinki na njano? Mvua zikianza nakagua uzio mmoja baada ya mwingine kuanzia Forest mpaka Iyunga, mwenye uzio wa lantana akiniona nachungulia maua yake asiite mgambo.

Kitu ambacho seti haina na ilitakiwa iwe nacho ni daftari na rula. Picha bila kipimo haina ukubwa. Mi nakata kipande cha karatasi ya milimita nabandika karibu na nondo kabla ya kupiga. Kwenye daftari, kwa penseli maana wino wa kalamu ya kawaida unafutika na unyevu, naandika tarehe, mtaa au kijiji, vipimo vya GPS na mwinuko kutoka kwenye simu, alikuwa kwenye taa au kwenye mmea, mmea gani, nani kamkuta. Aliyetunzwa anapata kilebo chake hicho hicho pamoja na namba ya picha, na boksi linawekwa naftalini la sivyo wadudu wengine watamla huyo mdudu wako ubaki na sindano. Rekodi yenye kila kitu ila haina tarehe ni pambo.

Alafu tuheshimiane, kwenye uzio wa bibi sawa, barazani kwako sawa, ila Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huko picha piga mpaka uchoke lakini kukamata na kubeba ni mpaka kibali. Na picha peke yake sio kitu kidogo. Tusisahau kipunji, kima mzima mwenye mlio wake, alikuwepo huko msitu wa Rungwe na Livingstone wenyeji wanamjua, kwenye sayansi akaingia 2005. Kama kima alichelewa hivyo, fikiria kitu cha milimita kumi na mbili kinachodhaniwa mbu.

Narudi kwa muuzaji nimalizie. Bei ya 45,000 kwa seti nzima ni kubwa ukizingatia tochi haifanyi kazi iliyoandikwa kwenye boksi. Lenzi hiyo hiyo ya makro ukiizungukia peke yake madukani unaipata kwa 15,000 hadi 20,000, wavu fundi cherehani anakushonea kwa shela la zamani. Kwa mwanafunzi au mwalimu wa baiolojia anayetaka kila kitu kwenye boksi moja aanze leo, ntasema chukua, omba punguzo la tochi. Kwa mkulima wa fiwi au mbaazi anayetaka kujua kinachotoboa maganda yake, lenzi peke yake inatosha sana, ukimwonyesha bwana shamba picha inayoonekana miguu ya kiwavi mnaongea lugha moja.

Kuhusu tochi nilimtumia ujumbe nikimuuliza kama ana ya nanomita 365 nimrudishie hii na kuongeza hela. Kwanza akakaa kimya, alama mbili za bluu zipo, kasoma. Siku iliyofuata akajibu, "kaka zote zinatoa zambarau, yako si inawaka?" Inawaka. Nimempa dogo wa M-Pesa hapo jirani akagulie noti, ameniletea soda.